Zilla Entwistle Akataa Kuoga

“Sioni kwa nini mtu aliyekuja kuomba sakafu ya kulalia anyonyolewe kama kuku,” alisema Zilla Entwistle. “Nimeoga Jumamosi. Kwangu, kwa maji yangu na sabuni yangu. Wewe, bwana, umeoga lini?”

Wanawake waliokuwa nyuma walicheka, ingawa mvua ilikuwa inatuingia shingoni na hakuna aliyekuwa na uzi mkavu mwilini. Bwana Tolliver, msimamizi wa nyumba ya maskini ya Aldery, aliujaza mlango kwa tumbo lake, akavuta masharubu, akaanza upya kama anayefundisha watoto wa darasa la kwanza.

“Kanuni ni kanuni, mama. Anayelala hapa bure ni mzururaji. Mzururaji anapekuliwa, anaoga, nguo zake zinatiwa kwenye tanuri kuua chawa. Kisha anafungiwa mpaka kesho kutwa asubuhi, na hapo katikati anasugua sakafu kulipia mkate wake. Sikuzitunga mimi.”

“Chawa!” alisema Zilla. “Annis, umesikia? Tuna chawa.”

“Nimesikia,” nikasema. “Labda ndio waliotusukuma tukafika mpaka hapa.”

Lakini neno lililomchoma Zilla halikuwa chawa. Lilikuwa kesho kutwa. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Jumapili mchana waandamanaji wote wasio na kazi, sisi tukiwemo, wa Scotland, wa Wales, wa kila mji ambao viwanda vyake vimefungwa, walikuwa wakutane kwenye bustani kubwa ya London, na Zilla ndiye aliyechaguliwa apande kuwasemea wanawake walioolewa. Toka Aldery mpaka London, kwa miguu ile tuliyokuwa nayo, ilikuwa safari ya siku mbili na nusu, tena kwa kujikaza. Tukifungiwa mpaka Jumamosi, basi Jumapili Zilla angewahutubia vyura wa kando ya barabara.

Nieleze kidogo ghadhabu yake ilitoka wapi, maana wengi walidhani ni ukorofi tu. Ukorofi ulikuwepo, sikatai. Lakini ulikuwa na sababu.

Zilla alizaliwa Brackenshaw, huko kwetu Lancashire, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha pamba, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa kiwandani asubuhi na shuleni mchana, kama sisi wote. Mwalimu alikuwa akimkuta amelalia dawati na kumwacha hivyo hivyo, maana alijua ametoka wapi. Alipokuwa msichana alishika mashine nne za kufuma peke yake, na meno yake ya mbele yakaharibika kwa kuvuta uzi kwa mdomo. Akaolewa na Wilf Entwistle, mtu mpole afugaye njiwa, aliyerudi kutoka vitani na kifua kilichochomwa na gesi.

Na hapa ndipo watu wa kusini wasipotuelewa. Kwetu mwanamke haachi kazi eti kwa sababu ameolewa. Anajifungua, anamwacha mtoto kwa bibi yake, anarudi kwenye mashine zake. Mume na mke hutoka pamoja alfajiri, viatu vya mbao vikilia kwenye mawe ya barabara, na jioni hurudi pamoja, na anayewahi jikoni ndiye anayechemsha viazi. Kila wiki ya maisha yake Zilla alikatwa ujira kwa ajili ya stempu ya bima, ili siku kazi ikikatika imfae. Kiwanda kilipofungwa alikwenda ofisi ya ajira kudai posho yake. Karani, kijana mwenye kola nyeupe pee, alimwambia, “Kuna sheria mpya, mama. Wewe umeolewa. Kwa hesabu yetu hutafuti kazi tena.”

“Sitafuti kazi?” Zilla alimwuliza. “Sasa hapa nimekuja kutafuta nini, mchumba?”

Alitolewa nje na mlinzi. Wilf naye alikuwa nyumbani hana kitu. Zile stempu za miaka yote zilikuwa zimemezwa, na aliyezimeza hakupangusa hata mdomo. Basi mwandamano ulipoitishwa, kwenda kuidai serikali London, wanaume wetu walisema wanawake wabaki nyuma kupika supu. Zilla akasema supu yenyewe haina nyama na yeye haipiki. Alipita mlango kwa mlango akakusanya wanawake wa kufuma, walioolewa na wasioolewa, na mwezi wa pili wa mwaka wa 1934, barafu bado iko kwenye mitaro, tukaanza kutembea.

Safari sitaisimulia yote. Lengelenge ni lengelenge. Miji mingine ilitupa ukumbi na chai ya moto. Mji mmoja ulitupa mchungaji, akatuhubiria uvumilivu, na Zilla akamwuliza kama uvumilivu unapakwa kwenye mkate. Aldery ilikuwa imetunyima ukumbi kabisa. Mwenzetu Mercy Duckworth alikuwa anakohoa tangu juzi yake, kikohozi cha kutoka tumboni, na kumlaza nje usiku ule ilikuwa kama kumchimbia kaburi. Ndiyo maana tulikuwa kwenye mlango wa nyumba ya maskini, mahali ambapo mtu wa kwetu hupita upande wa pili wa barabara ili asionwe hata na kivuli chake.

Mercy akakohoa tena. Tolliver akamtazama, akatutazama sisi, na ghafla uso wake ukalainika kama siagi karibu na jiko.

“Basi, basi,” alisema. “Mimi si mnyama. Ingieni. Hakuna kupekuliwa, hakuna kuoga. Mnywe chai, mlale, asubuhi mwende zenu.”

Wenzangu walishukuru. Zilla aliniegemea akanong'ona, “Mtu anayegeuka upesi hivyo ana mlango wa nyuma.” Lakini Mercy alikuwa ananing'inia mkononi mwangu. Tukaingia.

Chumba cha kulia kilikuwa na mabenchi marefu na harufu ya kabichi ya jana. Ukuta mmoja ulikuwa na dirisha kubwa la kioo kizito, upande wa pili ofisi ya msimamizi, ili aone nani anakula na nani anafungasha. Aliyetugawia chai alikuwa mkewe, matroni wa nyumba ile, Bibi Tolliver. Mwembamba, aproni imepigwa wanga ikasimama yenyewe, funguo zinalia kiunoni, na maneno yake yalitoka ya kisomi, moja moja, kama anayeyapima kwa kijiko. “Kikombe kimoja. Kila mtu. Tafadhali.”

Sasa lazima niseme kuhusu midomo yetu. Kwenye chumba cha mashine za kufuma hakuna sauti ya binadamu inayosikika. Ukipiga kelele unajichosha bure. Kwa hiyo sisi husema kwa midomo, bila sauti, kila neno limevutwa na kukunjwa waziwazi. Mtoto hujifunza wiki yake ya kwanza kazini, la sivyo atakatwa kidole kabla hajaelewa anaonywa. Hivyo ndivyo tunavyosengenya kutoka upande mmoja wa kiwanda hadi mwingine, na Jumapili kanisani pia, Mungu atusamehe. Na mwenye macho hayo humsoma hata mtu asiyejua kwamba anasomwa.

Ofisini, Tolliver alikuwa na mgeni, sajenti wa polisi. Zilla aliniminya goti. Nikainua macho kwenye kile kioo.

Masharubu ya Tolliver yalificha nusu ya maneno yake. Lakini sajenti alikuwa amenyoa, na tena alikuwa mtu wa kurudia anachoambiwa. “Wanywe kwanza,” alisema. “Ehe. Ukishafunga lango ni wazururaji kama wengine... Mpaka Jumamosi.” Akacheka. “Na yule mwenye mdomo?” Tolliver akasema kitu. “Vyoo!” alisema sajenti, akajipiga paja. “Vyoo vyote!”

Kila aliyekaa upande wetu wa meza alikuwa amesoma. Waliokaa upande wa pili, waliokipa kioo mgongo, walisoma kwetu. Hakuna kijiko kilicholia.

“Tutoke sasa hivi,” nilisema kwa midomo.

“Lango tayari lina mtu,” alijibu Zilla, hivyo hivyo bila sauti. “Nimemwona. Tunataka mlango mwingine. Funguo ziko kiunoni kwa yule mwenye uso wa maziwa yaliyoganda.”

“Ana kiuno?” akauliza Mercy, mgonjwa lakini mdomo mzima. “Mimi naona ufagio uliovishwa aproni.”

“Annis ajifanye amezimia, amwangukie. Mimi nitachomoa.”

“Kwa nini niwe mimi?”

“Kwa sababu wewe ni mzito.”

Tuliendelea hivyo, mipango na matusi, mbele ya uso wa yule mama, akizunguka meza na birika lake. Hatukujali. Wangapi wa kusini wanajua midomo ya kiwandani? Alifika kwa Zilla. Akakipa kioo mgongo, akainama kumimina, na uso ule wa wanga ukafunguka. Bila sauti, kila neno limekunjwa kama linavyokunjwa kwetu na si kwingine, alisema:

“Ufunguo mkubwa mnaoutamani ni wa kabati la sukari. Na uso huu nilipewa na mama yangu, mtaa wa Tanner, Brackenshaw.”

Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Sisi tuliponzwa bila hata kutumia ulimi. Zilla alijimwagia chai mapajani na hakuhisi.

“Wa nani wewe?” aliuliza kwa midomo, alipoweza.

“Hannah Greenhalgh, kabla sijaolewa na hiyo ofisi. Nilifuma miaka saba. Funga mdomo, anatazama.”

“Utamwambia?”

Alihamia kikombe kingine, na kingine, akaenda mpaka mwisho wa meza. Nimewahi kusubiri habari za mgodi ulioporomoka, mjomba wangu yuko chini. Sikutoka jasho kama nilivyotoka pale. Kazi ya mama yule ilikuwa pacha na ya mumewe: akifukuzwa mmoja wamefukuzwa wote, na nyumba wanayolala inakwenda. Angetuokoa kwa lipi? Kwa kumwita ufagio?

Tolliver aligonga kioo. Mama akaweka birika, akaingia ofisini, akasimama ametupa mgongo. Mgongo hausomeki. Tulimwona Tolliver akikunja uso, kisha akikunjua, kisha masharubu yakacheka. Mama akarudi.

“Msimamizi anauliza,” alisema kwa sauti, kisomi, “kwa nini wanawake wengi hivi mko kimya.”

“Tunasali,” alijibu Zilla kwa sauti vilevile.

Mama aliinama kuokota kikombe, na midomo yake ikasema: “Nimemwambia mmekubali kuoga wote.”

Nilidhani Zilla atampiga. “Sitaoga!” midomo yake ilisema, kubwa kama mlango. “Nilijua tu. Sitaoga humu hata...”

“Nani amekwambia uoge, punda wewe? Bafu liko nyuma, uani, jirani na chumba cha kufulia. Gari la makaa limeingia sasa hivi kwa lango la uani, na mpaka lishushe mzigo lango liko wazi. Nitawachukua wawili wawili kama mnaokwenda kuoga. Uani mvue viatu, vitalia kwenye mawe vikawasema. Vukeni daraja, kuna kanisa dogo la matofali, mtunzaji wake ana jiko na ana roho nzuri. Lakini Tolliver akichoka kukaa atakuja kukagua. Lazima mtu amshike ofisini.”

“Anapenda kubishana?” Zilla aliuliza.

“Kuliko chakula.”

Zilla akasimama, akashusha shali mabegani, akaenda kugonga mlango wa ofisi.

Yaliyotokea humo alinisimulia yeye mwenyewe, mara nyingi mno. Alianza kwa kuuliza maji ni ya moto kiasi gani. Tolliver akasema ya kutosha. Zilla akasema ya kutosha si jibu, kwani yai la kutosha na mtu wa kutosha ni vitu viwili. Akauliza sabuni ni ya nani. Akauliza nani alioga mwisho na alikuwa na ugonjwa gani. Akauliza kama sheria ya mfalme imetaja kusugua shingo, au shingo ni mawazo ya Tolliver mwenyewe. Yule bwana, akijua amekwishashinda, alifurahi kama paka na panya aliyevunjika mguu. Alimjibu kila swali, akihesabu kwa vidole. Sajenti alichoka, akatoka uani kuvuta kiko.

Na uani ndiko nilikokuwa mimi, na Mercy, zamu yetu imefika.

Waliotangulia walikuwa wamekwishapita. Sisi tulisimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, viatu mkononi, soksi zinanyonya maji ya mawe, na sajenti huyo, chini ya upenu, karibu kabisa na lango, anawasha kiko. Gari la makaa lilikuwa kati yetu naye. Mwenye makaa, mweusi kuanzia kofia hadi ndevu, alikuwa na magunia machache tu yaliyobaki.

Mercy akajishika kifua. Kikohozi kilikuwa kinapanda. Nilikiona kinavyopanda, macho yamemtoka. Matroni alikuwa nyuma yetu. Aliingia stoo ya mashuka, akatoka na blanketi la kijivu, akamfunga Mercy kichwa na mdomo pamoja, akambana. Kikohozi kikatoka, kimefifia, lakini kimetoka.

Sajenti aliinua kichwa.

Mwenye makaa naye aliinua. Alitutazama. Akaiona miguu yetu. Kisha, bila haraka, akainua gunia zima akalimwaga lote kwa mpigo kwenye shimo la makaa. Mlio wake ungeamsha makaburi, na vumbi likafumuka kama moshi wa treni. Sajenti akaruka, akapiga kelele kuhusu koti lake, akageukia ukutani akijipangusa. Tukapita lango. Sikuwahi kujua jina la mtu yule.

Ofisini, Zilla alikuwa amefikia swali la taulo. Tolliver akatazama kioo akaona mabenchi matupu.

“Wako wapi wote?”

“Wanaoga, bwana mkubwa. Si ulitaka? Nimebaki mimi, na mimi bado nafikiri.”

Mlango ukafunguliwa, matroni amekunja mikono ya gauni. “Huyu wa mwisho ni mkaidi,” alisema. “Nitahitaji muda.”

“Msugue hasa,” alisema Tolliver.

Kwenye ujia, Hannah hakuelekea bafuni. Alifungua stoo ya mashuka, akaingia mwenyewe, akampa Zilla ufunguo. “Nifungie. Utupe ufunguo uani. Nitapiga kelele nikiona inafaa. Nitasema mlinizidi nguvu. Mikono ya wafumaji kila mtu anaijua.”

Zilla alisita, na kwa Zilla kusita ni jambo la kuandika. “Atakupiga?”

“Hapigi. Hununa. Akinuna ndiyo likizo yangu. Nenda! Ila lile blanketi lina muhuri wa mji. Limehesabiwa. Likipotea, nakatwa mimi.”

“Utalipata. Zilla Entwistle haibi.”

“Zilla Entwistle anaongea sana. Nenda.”

Mtunzaji wa kanisa kweli alikuwa na jiko. Tulilala tumeshikana kama samaki kwenye kopo, na Mercy akatokwa jasho, homa ikashuka. Asubuhi tulikuwa tunafunga viatu sajenti aliposimama mlangoni, bado ana makaa kwenye mishono ya koti.

Alijua, nasi tulijua, kwamba hana la kutushika nalo. Hatukuandikwa uzururaji, hatukulala mle, chai tulikaribishwa. Lakini alikuja na neno lake.

“Kuna blanketi la mji limeibwa. Bwana Tolliver amehesabu. Nitawapekua.”

Mercy alikuwa amelivaa chini ya koti lake, limemzunguka kama kanzu ya askofu. Nikaona London inafungwa mbele ya macho yangu, safari hii si mpaka Jumamosi bali mpaka hakimu apate nafasi. Na magazeti je? Waandamanaji wezi. Hawakuwa wanataka kingine.

Zilla akaenda akasimama mbele yake, kidevu chake kikifika kwenye kifungo cha pili cha sajenti.

“Tupekue,” alisema. “Anza na mimi. Lakini mwanamke hupekuliwa na mwanamke. Hiyo sheria naijua, nimeshatolewa kwenye ofisi nyingi. Mlete mwanamke wa kutupekua.”

Katika Aldery nzima mwanamke wa serikali wa kupekua wanawake alikuwa mmoja. Sajenti akamtuma mtunzaji wa kanisa amlete. Tulikaa tumetazamana, mvua inagonga bati, Mercy hathubutu hata kujikuna. Mtunzaji alirudi peke yake.

“Matroni anasema kichwa kinamwuma,” alitoa taarifa. “Tangu ajali ya jana. Anasema hawezi kutoka leo wala kesho.”

Sajenti aliivaa kofia yake taratibu. “Nendeni,” alisema. “Nendeni kabla sijaanza kufikiri.”

“Tutakuwa tumefika mbali,” alisema Zilla, akatutoa nje.

Jumapili tulifika. Si kwa uzuri. Tuliingia bustanini tumeegemeana, na bendera yetu imetoa rangi, lakini tulifika, na Zilla akapandishwa juu ya mkokoteni. Mbele yake watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye miti, kofia tupu. Upepo ulikuwa unachukua nusu ya sauti yake. Akasema, “Nimekatwa stempu tangu nikiwa mtoto wa kusimama juu ya kasha ili nifikie mashine. Walipokuwa wanakata, hakuna hata siku moja waliyoniuliza kama nimeolewa.” Huko nyuma kabisa, ambako sauti haikufika, walikuwa wafumaji wa Lancashire waliofika na makundi mengine, wao walisoma midomo, wakawarudishia jirani zao kwa sauti, na kelele ya kukubali ilianza huko nyuma ikaja mbele. Mimi nililia. Ulikuwa uchovu.

Serikali haikutupokea. Mlango wa Bunge tuliuona kwa nje, ni mzuri, umechongwa. Waziri alisema hana nafasi ya kuonana na waandamanaji. Posho ya wanawake walioolewa haikurudi mwaka ule, na Zilla, ninapoandika haya, bado anawaandikia na bado hawamjibu.

Watu wema wa London walituchangia tikiti za treni za kurudi. Kulikuwa na mama mmoja aliyetulaza kwake. Zilla alimwomba beseni, akalifua lile blanketi, akalianika kwenye jiko, akalikunja. Treni yetu ilisimama Aldery. Wote tulikuwa tumelala au tunajifanya.

“Annis, teremka,” alisema Zilla.

“Sina wazimu.”

“Ipo nyingine baadaye. Teremka, siwezi kwenda peke yangu, nitamtukana Tolliver na nimeahidi sitamtukana.”

Tulikwenda. Miguu yangu ilinilaani kila hatua. Tolliver, tuliambiwa langoni, yuko kwenye kikao cha kamati inayosimamia nyumba ile, anawaeleza kwa mara ya tatu jinsi wanawake waliochoka walivyomponyoka wakiwa bafuni, na kamati kwa mara ya tatu inashindwa kuzuia kicheko. Hannah alitoka mwenyewe. Aproni ile ile, wanga ule ule. Zilla akamnyooshea blanketi kwa mikono miwili.

“Deni lako,” alisema. “Limefuliwa. Lilikuwa na masizi kabla hatujalichukua, hilo si letu.”

Hannah hakulipokea. Alitazama nyuma, akatazama barabara, kisha akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tukaisikia sauti yake halisi. Ilikuwa sauti ya kwetu, nzito, ya mtaa wa Tanner, kama ya mtu anayemwita mtoto aingie ndani.

“Mmechelewa. Nilishakatwa mshahara Ijumaa. Kwa hiyo si la mji tena, ni langu, na langu nampa nimtakaye. Yule wa kikohozi yu mzima?”

“Yu mzima. Anatukana.”

“Basi mpelekee.”

“Mimi sipendi deni,” alisema Zilla. “Nitakutumia, kidogo kidogo, Wilf akiuza njiwa...”

“Na mimi sipendi ubishi, nimeolewa nao. Ulimshika mume wangu saa nzima kwa habari za taulo. Miaka mingi sijapata saa nzima nyumba hii iko kimya. Hunidai, sikudai. Umesikia?”

Zilla alilikunja blanketi upya, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri, akalitia kwapani.

“Basi asante,” alisema, na akanigeukia kwa ukali kuniuliza nasubiri nini, treni itatuacha.